Benchi Ulilonikalisha Wiki ya Uhuru

Mpendwa baba,

Jana niliwateremsha wanafunzi wangu kutoka Lushoto hadi bondeni, wakaione stesheni ya reli iliyojengwa enzi za Mjerumani. Nimerudi na hasira, na wa kumweleza ni wewe tu, ingawa uko kaburini.

Unakumbuka ulivyonipeleka pale wiki ile ya Uhuru? Ulivaa kanzu yako ya Idi, nami nikadhani tunasafiri kwenda Tanga. Kumbe ulikwenda moja kwa moja hadi chumba cha kungojea cha daraja la kwanza, kile ulichokifagia miaka yote bila ruhusa ya kuketi, ukanikalisha kwenye benchi.

"Leo hatuendi popote," ukasema. "Tumekuja kukaa."

Tukatafuna mahindi ya kuchoma. Garimoshi likaja, likaondoka, sisi tumekaa tu, nawe unacheka peke yako.

Habari hiyo niliwasimulia watoto njia nzima, kona zote za mlima. Kila mmoja akataka kulikalia benchi la babu.

Tukamkuta mkubwa mmoja wa mkoani amejinyoosha juu yake na viatu vyake, kijana ambaye ningeweza kumbeba mgongoni alipokuwa mchanga. Watoto wakamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo, ndugu." Hakuitikia. Shikamoo ya darasa zima, baba, na hakuitikia. Akaniambia bila kugeuka, "Ndugu mwalimu, watoe hao. Hapa ni pa wakubwa."

Undugu gani huo wa kufukuzana? Mikutanoni wanatuhubiria usawa mpaka masikio yanauma, kumbe wenzetu walikuwa wanangoja zamu yao. Wananitia kinyaa.

Nikawaambia watoto wakae chini palepale mlangoni, nami nikakaa nao. Nilitaka aone haya. Garimoshi lilipopiga honi akainuka, akapandisha suruali yake kidogo, akaturuka. Miguu ya watoto wa watu aliiruka kama madimbwi, na mimi akaniruka vilevile, akaenda zake.

Garimoshi lilipoondoka, nikawaambia watoto wangu kwamba wakimwona tena wasimwamkie. Ndiyo, baba. Mwalimu mzima, binti uliyemchapa kwa shikamoo moja aliyoisahau, nilisimama stesheni nikawafundisha watoto kumnyima mkubwa salamu. Na nikalirudia somo hilo ndani ya basi.

Pumzika, baba. Mimi bado nina hasira.

Binti yako, mwalimu.