Kuku Tuliyompelekea Mwalimu wa Neema

Alby, kando ya Stockholm, Alhamisi, mwezi wa tatu, 2011. Theluji imekuwa nyeusi kando ya barabara. Mvua inaanza, inaacha, inaanza tena.

Nina miaka sabini na moja. Nimewazika wake wawili. Nimewaona marais wakipanda na kuanguka na mimi nipo. Kuna daktari mmoja kule kambi ya wakimbizi Kigoma aliyesema moyo wangu hautamaliza mwaka. Yeye ndiye hakumaliza. Nasema haya ili anayesoma ajue kwamba mimi si mtu wa kutishwa na kitu.

Lakini leo nimekaa mbele ya kompyuta ya maktaba, napiga herufi kwa kidole kimoja, na sijui la kufanya.

Blogu hii alinifungulia mjukuu wangu Neema, mwaka jana alipohamia Uppsala kusoma udaktari. Alisema, Babu, ukiwa na neno la kuniambia liandike hapa, nitalisoma, kuliko kunipigia simu kila jioni niko darasani. Basi naandika. Nilisoma madarasa manne tu kwa mapadri, lakini mwandiko wangu ulikuwa unapita wa mwalimu.

Hapa Alby wananiita Profesa. Nilifanya kazi Uppsala miaka mitano, nilipofika nchi hii ya Uswidi, mpaka wakanistaafisha kwa nguvu. Nilikuwa naosha vyombo katika jumba moja la wanafunzi. Nikipiga simu nyumbani nilisema niko yunivasiti. Uongo uko wapi? Niliingia kila siku. Wanafunzi wenyewe wengine hawakuingia.

Na mji ule naujua. Ni wa zamani kuliko Stockholm yote kwa mambo ya kusoma. Kuna kanisa kubwa lenye minara miwili, kuna mto mwembamba, kuna ngome nyekundu juu ya kilima. Kuna jumba lenye kuba ambamo wanafunzi wa zamani walisimama duara, mmoja juu ya mwingine kama watazamaji wa mpira uwanjani, wakitazama maiti ikipasuliwa. Nilimpeleka Neema pale akiwa mdogo. Nikamwambia, siku moja utasimama wewe hapa. Alishika mkono wangu kwa nguvu. Nilidhani ni furaha.

Wakati wangu wanafunzi wale walikuwa wote rangi moja, kama unga. Walivaa kofia nyeupe, wakala, wakaimba, na mwisho wakapanda juu ya viti kuimba tena. Ukishapanda hukai tena, ndiyo sheria yao. Kwetu mtu akipanda kiti katikati ya chakula anatolewa nje. Mimi nilisimama mlangoni kwa aproni nikingoja sahani, nikasema moyoni, damu yangu itakaa meza hii.

Ikakaa. Septemba Neema alivaa gauni la buluu akakaa pale pale, na mimi ninayo picha.

Halafu Jumapili alinipigia simu. Akasema kwa Kiswidi, kama watoto wote wa hapa wanavyotujibu, "Babu, jag orkar inte." Maana yake nguvu zimeisha. Akasema anaacha chuo.

Sikulala.

Kwetu mtoto mwenye akili akianguka, watu wanajua kuna neno kati yake na mwalimu. Wazee wanavaa vizuri, wanabeba kitu, wanakwenda kuomba. Ndivyo nilivyombakiza shule mama yake Neema, tulikwenda na jogoo. Basi jana tukaenda watu watatu: mimi, Papa Byamungu ambaye ni mzee wa kanisa na Kiswidi chake ni kizuri kwa sababu ya kuendesha teksi, na Mama Zawadi, mkubwa wa kina mama. Yeye alipika kuku, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa moshi, akafunga ndani ya kitenge.

Mimi nilivaa koti langu la sufu, la kijivu, nililotoka nalo Kongo. Ninayo mengine. Hili ndilo la heshima. Mwaka ule wa vita binti yangu, mama yake Neema, alifia kando ya barabara, na nyuma yetu kulikuwa na bunduki, hatukuweza kusimama. Neema alikuwa na miaka mitano, nimembeba kifuani. Nilimfunika kichwa kizima kwa koti hili mpaka tukapita. Hakuona kitu. Hayo nimeyasimulia kanisani mara nyingi na sichoki. Vita ilituchukulia vyote, lakini macho ya mtoto haikuyapata.

Kwenye treni Papa Byamungu alinichokoza njia nzima. "Profesa, tukifika wewe ndiye utasema. Wewe ndiye mwenzao."

"Nitasema," nikamwambia. "Wewe shika samaki."

Mji umebadilika, lazima niseme. Fundi wa viatu wa karibu na mto hayupo, pale wanauza kahawa. Duka la vitabu vya zamani wanauza kahawa. Mto wenyewe nadhani unangoja zamu. Mlango wa jiko langu la zamani sasa unafunguka kwa namba, na ndani ni mashine inayoosha. Nilichungulia dirishani. Mashine ile haisugui kona za sufuria, nimeona kwa macho yangu. Lakini wanafunzi sasa ni rangi zote, wengine wanatoka China, wengine wanafanana na watoto wa kwa dada yangu. Nikafurahi. Nikasema, mtu anaachaje mahali kama hapa?

Mwalimu alikuwa mwanamke, kijana, suruali ya jinzi. Alitushukia mpaka pale mapokezi. Mimi nilitegemea mzee wa ndevu, na maneno niliyopanga yalikuwa ya mzee wa ndevu. Kabla sijayageuza, Mama Zawadi alikuwa amepiga magoti. Yule mwalimu alishtuka, akatazama huku na huku, halafu na yeye akachuchumaa. Wakawa wawili chini.

"Tumekuja kumwombea mtoto wetu Neema," Papa Byamungu akasema. "Kama amekukosea, sisi ndio tumekosa."

Mwalimu akasema sheria haimruhusu kusema lolote kuhusu mwanafunzi. Ni watu wazima. Hata kama anayeuliza ni babu.

"Ni mrefu," nikasema. "Ana mwanya mbele."

"Siwezi kusema kama namjua au simjui."

"Basi usiseme," Papa Byamungu akamwambia. "Tikisa kichwa tu."

Hakutikisa. Shingo ilikuwa nyekundu mpaka masikioni. Kuku pia alimkataa, kwamba kupokea zawadi ni kosa. Mama Zawadi akamjibu toka pale chini, "Mwanangu, hii si zawadi, ni chakula," na mimi nikaona yule dada anataka kulia. Akatuletea kahawa. Basi. Watu wazima watatu, tumetoka Alby alfajiri, tumepewa kahawa.

Hakuwa mbaya. Hilo ndilo liliniudhi. Mbaya ningemweza.

Tukaenda anakokaa Neema, nyumba ndefu, vyumba vingi, jiko moja. Alipotuona alicheka kwanza. Kisha nikamwambia kwa majivuno kwamba usijali, tumeshazungumza na mwalimu wako. Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye friji.

"Nani kawaambia nimeanguka?"

"Tumeelewa wenyewe," nikasema.

"Nimefaulu, Babu. Yote. Hakuna aliyenifukuza."

"Basi nini?"

Akasema kwa Kiswidi, haraka. Alipoona sishiki, akarudi kwa Kiswahili, pole pole, kama mtu anayetafuta kitu kwenye mfuko. Alisema wana chumba cha kujifunzia maiti, watu waliotoa miili yao wenyewe kabla ya kufa, na kila mtu pale ana heshima. Shuka wanaanza kulitoa miguuni. Akasema kila likitolewa anaona kitenge. Anajua hakuna kitenge pale. Anakiona.

"Kitenge gani?" Mama Zawadi akauliza.

"Cha njano. Cha picha za samaki."

Kitenge kile nilikinunua mimi mwenyewe, Bukavu. Binti yangu alikivaa siku ile.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia alisikia watu wakisimulia. Nikasema kwa sauti, mimi nikiwa na haki sauti yangu inapanda, "Wewe hukuona kitu. Mimi nilikufunika."

Akainuka akaja akashika koti langu hapa ubavuni, kwa vidole, taratibu kama anashika mtoto.

"Babu," akasema, "koti lilikuwa na tundu."

Mama Zawadi aliacha kupakua.

Mimi ni mtu wa maneno. Nimewahi kuzungumza na askari wenye bunduki mpaka wakaniachia njia.  Jana pale jikoni nilisimama tu na koti langu.

Alinificha jambo hili miaka kumi na minne. Kila niliposimulia kanisani, yeye alikuwa amekaa benchi la mbele, na mwisho alipiga makofi pamoja na wengine.

Tulikula. Neema alikula kuku yule mpaka mifupa, na mwenzake mmoja kutoka China akaonja sombe akaomba tena. Neema alitusindikiza stesheni. Hakusema atafanya nini sasa, na mimi sikuuliza. Yeye ndiye aliuliza: "Jumapili utawaambia nini?"

Nikasema nitafikiri.

Papa Byamungu, aliyenitania tangu kambini, alinibebea vyombo vitupu mpaka Stockholm.

Nimefikiri tangu jana. Jumapili watauliza, Profesa, daktari wetu hajambo? Na watataka nisimulie lile la koti, kwa sababu kuna wageni kutoka kanisa la Hjulsta. Naweza kusimama mbele ya mtu yeyote, nimeshasema. Lakini sijui mtu anasimamaje mbele ya kitu kilichopita zamani, kikapitia ubavuni mwake mwenyewe, yeye akidhani amekizuia. Ningejua ni nani wa kuombwa, ningemfuata, na kuku mwingine.

Neema, najua unasoma hapa. Rudi nyumbani ukitaka, kaa huko ukitaka. Sina neno lingine.

Na anayedhani nimeongeza chumvi amuulize Papa Byamungu, anakaa ghorofa ya chini yangu. Alikuwepo barabarani na alikuwepo jana. Asipotosheka amuulize Mama Zawadi. Mimi tundu silikumbuki kabisa. Yeye analikumbuka, kwa sababu ndiye aliyelishona tulipofika kambini. Anasema lilikuwa la kuingia vidole viwili, upande ule mtoto aliolaza uso.