Ahadi Uliyompa Bi Somoe

Baba,

Shikamoo. Mwaka wangu wa kwanza wa sheria umekwisha, na wewe ndiye niliyetaka kumwambia mwanzo. Masomo bado yanakuja kwa meli kutoka London. Mchana nipo kwenye ukarani wangu, jioni nasoma hapahapa Temeke, barazani kwako. Nimesoma makosa ya jinai, nimesoma madhara mtu anayotendewa na jirani yake, nimesoma mikataba. Mikataba ndiyo iliyonitesa.

Wanafundisha hivi: ahadi ya bure, ambayo aliyepewa hakutoa kitu, haimfungi aliyeiahidi. Nilijibu hivyo kwenye mtihani, nikasifiwa. Wiki ileile Baba Mdogo akaja, amepata mnunuzi wa shamba la Chanika.

"Na Bi Somoe je?" nikamuuliza.

"Bi Somoe ana nini? Ana hati?"

Hana, Baba. Ana neno lako tu. Alipofika kutoka Kusini, mjane na wanawe, ulimwambia mbele yetu: "Lima, dada. Hakuna wa kukuondoa hapa mpaka Mungu akuchukue."

Baba Mdogo akanisogezea kalamu. "Msomi ni wewe. Mwandikie atoke. Andika Kizungu, aogope."

Na kwa sheria niliyosoma, hakukosea. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Nilitaka nikuulize. Hukuwepo. Mambo kama haya, Baba, na wewe hupo!

Nikakataa kuandika. Ijumaa nikaenda Chanika na dada Mwajuma, kwa kuwa shamba tumelirithi sisi. Mbele ya jumbe na majirani tukasema: neno la baba ndilo neno letu. Bi Somoe hakupiga kigelegele. Aliniangalia, akauliza, "Na ukifa wewe, mwanangu?"

Swali hilo nimerudi nalo Temeke.

Baba Mdogo hajakanyaga kwetu tangu siku ile. Msikitini anasema nimesomea kumdharau. Naye ndiye aliyekuosha. Ndiye aliyeshuka kaburini kukupokea. Nikimwona njiani anavuka upande wa pili, na mwendo wake ni wako kabisa.

Pumzika, Baba. Mungu akupe kauli thabiti. Nami nakuahidi hili: mwezi wa Ramadhani ukiandama, nitakwenda kufuturu kwa Baba Mdogo bila kualikwa. Akinifukuza, kesho yake nitarudi.

Mwanao,
Shabani