Nani Atabeba Papa

Dimanche, 13 octobre 2024

Leo mu kanisa, upande wa banaume: bazee na batoto. Basi! Katikati, mabenchi matupu. Vijana ba kijiji yetu Kasugho bote beko mu mji ya Butembo — taximoto, butike, chantier ya kujenga. Mabenchi ya nyuma peke njo imejaa: bakimbizi benye kutoka upande wa Beni. Muzee mumoya akabaambia bakae kulekule, nafasi za mbele ziko na benyewe. Benyewe gani? Nilikasirika mpaka wimbo ukanipotea mu kinywa.

Papa, baba yangu, anakohoa sana ku nyumba.

Lundi, 14

Papa ametuacha asubui. Mukono yake ilikuwa ndani ya yangu.

Siweze kuandika.

Mardi, 15

Niliita bakaka zangu ku telefone, kule Kimemi, mu Butembo. Ananie: barabara ni mbaya, Tamar, mungoje kidogo. Phinées, hata kuitika hapana. Lakini ku statut yake ya WhatsApp ameweka picha ya Papa, na maua, na mishumaa! "Pumzika, shujaa wangu." Shujaa! Mwaka muzima hakumutumia hata sabuni. Nilitupa telefone ku kitanda.

Lusenge alikuja. Ni mukimbizi, Papa alimupatia kipande ya shamba nyuma ya nyumba, jioni balikuwa banaongea pamoja. Akaniambia:

— Dada, mimi na bandugu zangu tuko. Tutamubeba muzee.

Njo nikalia, mara ya kwanza. Baba mudogo Syauswa akakatala palepale:

— Bageni hapana gusa mufu wetu. Bana yake batafika.

— Na mimi? Si niko mwana yake?

— Weye ni mwanamuke.

Niliuma meno. Kulima: mimi. Kumunawisha na kumulisha: mimi. Kumubeba — ah, mwanamuke!

Mercredi, 16

Tunangoja. Sasa Ananie anasema moto, pikipiki yake, imekwama mu matope. Sitaki kusikia! Mwili hauwezi tena kungoja. Kila mutu anajua, hakuna mwenye kusema. Mama Godelive, jirani yetu, anachoma majani ya mikaratusi mu nyumba, macho chini. Haya gani hii, Papa!

Jeudi, 17

Nimeita Lusenge mimi mwenyewe. Amefika na bandugu zake babili. Pembe moya ya sanduku ilikosa mutu. Nikasema: ni mimi. Mama Godelive akakaza kitenge ku kiuno: "Ukichoka, nitakupokea."

Baba mudogo ameweka kiti mu mulango, amekaa, fimbo ku magoti.

— Mukipita, mutapita juu yangu.

Naandika hapa pembeni ya sanduku ili nisimutukane. Tangu nizaliwe sijamujibu mubaya. Lakini alikuwa wapi, Papa akikohoa? Anaona aibu gani — ya bageni, ao ya bana ba ndugu yake benye hapana kuja?

Inje mvua imeanza. Lusenge ameinama, ameshika upande wake, ananiangalia, anangoja neno langu.

Nimesema: "Tuinue."

Baba mudogo analia. Analia kabisa, machozi mu ndevu. Lakini haondoke mu mulango. Naweka kalamu chini, nashika pembe yangu.