Dawa Iliyotua Chini

Mwakitolyo, 4 Machi 2024

Kwa mpwa wangu Paskazia,

Mwangaluka, mayo, mama yangu. Huko Mwanza mmeamkaje? Sisi huku wazima, mbuzi wazima, ila jicho langu la kushoto linateswa na watu wa fani yako ya dawa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Karatasi itanyamaza mpaka nimalize.

Hii dawa ya presha ya macho niliyopewa ni tusi. Nyeupe kama maji ya chokaa. Tone moja tu, jicho linawaka utadhani limepakwa pilipili. Mimi niliyefukiwa duarani, ndani ya shimo la dhahabu, siku nne nikatoka naimba, nimepiga yowe mpaka Mama Edward akadhani nyoka! Aliyeitengeneza hajawahi kujitia, naapa.

Sasa sikiliza, maana nyie wasomi mmeshindwa. Chupa naiacha wima kwenye rafu, haiguswi na mtu. Weupe wote unatua chini. Kisha naiinamisha taratibu, linatoka tone safi, haliwashi hata chembe. Ule uchafu wa chini namwaga. Huu mwezi wa tatu nafanya hivyo. Waambie wenzako wa maabara waje wajifunze, chai nitatoa mwenyewe.

Mjomba wako,
Marselino

Mwanza, 11 Machi 2024

Shikamoo mjomba,

Nafurahi Mama Edward na mbuzi ni wazima. Mimi sijambo, ila barua yako imeninyima usingizi.

Mjomba, huo uchafu ndio dawa! Haiyeyuki kwenye maji, inaelea kama unga, na ukiiacha inatua. Ulichojitia miezi mitatu ni maji. Miaka yote unaosha mchanga kwenye karai. Lini ulimwaga kilichozama, ukampelekea mnunuzi maji ya juu? Imeandikwa kwenye chupa: tikisa kabla ya kutumia. Presha ya macho haiumi. Inakula polepole, na ilichokula hairudishi. Nenda kliniki wiki hii wakupime.

Kuhusu kuwasha, una haki. Ndiyo kazi yangu hapa: tunaifunga dawa ndani ya aina ya sukari ili iyeyuke kabisa, na tunapatanisha chumvi na uchachu wake na machozi, jicho lisione mgeni. Tuna chupa imekaa wiki tatu haijatua kitu. Lakini bado ni ya kujaribia sungura.

Mpwa wako,
Paskazia

Mwakitolyo, 25 Machi 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima, usiulize zaidi.

Eti imeandikwa! Nimempa Mama Edward, mwenye macho ya mwewe, akaisogeza dirishani: herufi kama miguu ya sisimizi, tena za Kiingereza. Chupa ya mgonjwa wa macho! Mbona mfuko wa mbolea nausoma nikiwa ng'ambo ya barabara? Nesi alinikabidhi, akaita, "Anayefuata!" Neno tikisa halikumtoka.

Na karai usinifundishe. Nimeosha dhahabu kabla mama yako hajaolewa, na dhahabu haijawahi kuniwasha jicho.

Nitumie hiyo ya kwako. Eti mpaka sungura wakubali! Sungura ndiye ndugu wa mama yako? Kliniki nitakwenda mvua zikikata. Naona vizuri. Juzi nimemtambua ng'ombe wa jirani yetu Luka akiwa kule mbali Samuye, mimi nimesimama hapa mlangoni.

Mjomba wako,
Marselino

Mwanza, 2 Aprili 2024

Shikamoo mjomba,

Situmi. Ikikuunguza, mama nitamwambia nini?

Tikisa hiyo uliyonayo, kila mara, na uvumilie iwashe. Mvua usiingoje. Leo hii funika jicho la kulia kwa kiganja, umtazame Mama Edward. Ukimwona, nitakuja kuomba radhi kwa magoti.

Mpwa wako,
Paskazia

Mwanza, 19 Mei 2024

Shikamoo mjomba,

Hamjambo huko? Hujajibu, na simu hupokei. Tafadhali.

Paskazia

Mwakitolyo, 8 Julai 2024

Mpwa wangu mpenzi,

Natumaini hujambo na kazi inakwenda. Mimi mzima, toa jicho moja.

Nilifunika kama ulivyosema. Nikamwambia Mama Edward aache utani, aje akae mbele yangu. Akanijibu kwa sauti ndogo, "Baba Edward, mbona nimekaa."

Daktari amesema la kushoto halirudi. La kulia litabaki nikilitunza. Sasa natikisa chupa mpaka Mama Edward anauliza kama naita mvua. Inawasha. Navumilia, lakini simsamehe mtu.

Pole usinitumie. Fanya haraka na hao sungura wako, maana sikiliza. Jumanne iliyopita kliniki tulikuwa kumi na wanne kwenye benchi. Nikasimama nikauliza, "Nani aliambiwa atikise?" Mikono miwili. Bibi mmoja wa Didia akasema yeye huichuja kwa kitambaa. Huichuja, mayo!

Nesi akatoka: "Mzee, kaa chini, unaleta fujo."

Nikamwambia alete kalamu nene, aandike TIKISA kwenye kila chupa, ndipo nitakaa. Yule bibi naye akainuka. Kisha benchi zima. Tulikaa chini saa saba mchana, kalamu ilipopatikana.

Mjomba wako,
Marselino