Beringi ya Tatu

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na wale watoto wawili wanaoniita shangazi bila kunijua sura. Mgongo umepoa? Mama anasema kazi ya ulinzi inakuweka wima kutwa. Sisi hatujambo. Mama bado anagombana na mlango wa jiko, na mlango bado unashinda.

Kaka, soma haya ukiwa umekaa. Lile gari la wagonjwa tumelifungua. Miaka sita limelala nyuma ya gereji, matairi yamezama udongoni. Daktari mpya wa zahanati aliuliza kama limekufa au limezimia tu. Fundi mkuu, yule tunayemwita Bwana Taratibu, akajibu kwamba maiti haipimwi kwa macho, akanikabidhi mimi.

Niliteremsha injini, nikafungua sampu, lile bakuli la oili lililo chini yake. Ndani ya oili nyeusi vumbi la shaba lilikuwa likimeta. Unaijua krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Haulali juu ya chuma kitupu. Umekumbatiwa na beringi, kila moja vipande viwili vyembamba vilivyopinda kama ukucha. Nikazitoa, nikazipanga juu ya gazeti. Nne zilikuwa zimelika sawasawa, kama sabuni ya mtu mwangalifu. Ya tatu ilikuwa imeungua, imekwanguka hadi shaba.

Bwana Taratibu aliigeuzageuza, kisha akaniuliza ilikuwaje siku ile gari lilipokufa mikononi mwako. Nikamweleza: ulimbeba mama mwenye uchungu, injini ikaanza kugonga kwa nguvu, nawe ukaenda kilomita kumi na moja kwa mwendo wa mtembea kwa miguu, hadi mlango wa hospitali, ndipo likazima. Mtoto akazaliwa salama. Kaka, yule mzee alivua kofia, yeye asiyeivua hata kwenye mvua. Akasema, “Chuma hiki kilikuwa kikatike kilomita ya kwanza. Huyo hakuwa akiendesha, alikuwa akikibembeleza.”

Krenki ikaenda kusuguliwa kwa mchonga vyuma, tukanunua beringi nene kidogo kuziba kilicholika. Nilipopima nafasi inayobaki kati ya beringi na krenki, ilikuwa nyembamba kuliko unywele. Humo hupita oili tu, na nguvu yote ya injini huelea juu ya utando huo. Miaka yote nimeifanya kazi hii, lakini siku hiyo nilikaa sakafuni, mikono imejaa grisi, nikastaajabu kwamba uliweza kufika.

Sasa lililo moyoni. Kipande cha juu cha beringi kina tundu la kupitisha oili. Cha chini hakina. Kwenye ile ya tatu vilikuwa vimebadilishana mahali, oili haikuwa na njia. Kamati inayosimamia zahanati na gereji yetu ilikuachisha kazi ikisema uliendesha gari bila oili. Uliapa kwamba uliipima kila asubuhi, na ulisema kweli. Aliyefunga beringi zile, wiki tatu kabla, ni mimi. Bwana Taratibu alikuwa anaumwa, nikataka akirudi akute nimemaliza peke yangu. Nawe ulipokuja kuniambia kuna kitu kinagonga, nilikucheka, nikasema masikio yako yamezeeka.

Ningeweza kuitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Nilikaa nayo mfukoni siku mbili, nikashindwa hata kula. Siku ya tatu niliiweka mezani mbele ya kamati ile ile, nikasema yote. Nimesimamishwa kazi mwezi mmoja, nikishamaliza injini hii, na nimestahili. Mwenyekiti akaomba anwani yako. Barua yao itakufikia. Nilitaka yangu itangulie.

Injini iliwaka jana asubuhi, haigongi hata kidogo. Niliiwasha nikiwa nimesimama nje, mkono nimeupitisha dirishani. Kile kiti chako sikuthubutu kukikalia.

Nibusie wifi na watoto. Mama anakuombea. Hasira yako nitaipokea yote, kaka, mradi uje nayo mwenyewe.

Mdogo wako,
Sisimizi