Zawadi ya Shangazi Zuhura

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ngazi za nyumba bado unazipanda bila kushikwa mkono? Mimi mzima, ila baridi ya huku Uhispania inanila masikio. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu nikituma sauti kwa simu, shangazi Zuhura huwa keshakaa ubavuni pako anasikiliza. Hii isome peke yako.

Unajua kiwanda chetu kinakamua machungwa. Mwezi uliopita nilihamishiwa chumba cha nyuma, yanakopelekwa maganda. Siku ya kwanza msimamizi alinifunulia kisahani cha kioo. Mama, kilichomo nilikuwa nakijua! Ule ukungu wa kijani unaoota kwenye chungwa lililosahauliwa kapuni. Huku wanaufuga. Mafuta ya maganda wanayatia kwenye pipa kubwa la chuma pamoja na ukungu huo, wanapuliza hewa, na baada ya siku kadhaa mafuta hayanuki tena chungwa, yananuka maua. Wanayasafisha mpaka kuvu yote ibaki nyuma, na watengeneza manukato wanayagombea.

Nilikaa juu ya ndoo nikalia, na si kwa furaha. Nilikumbuka ile singo ya kumsugua mwili bi harusi wa Mkunazini. Vuli ilikuwa haikatiki, na maganda uliyoanika darini yakashika ukungu. Ulikosea, sikatai. Ulidhani ukiyafukiza udi na kuyasaga pamoja na liwa na karafuu yatafaa. Lakini shangazi, wifi yako mwenyewe, angeweza kukuita pembeni. Badala yake alilinyanyua bakuli mbele ya wanawake wote.

"Njooni mnuse! Wifi yangu hana haya, ataka kumpaka kuvu mtoto wa watu!"

Akalimwaga uani. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuita kumsinga bi harusi, na anayeitwa ni yeye. Wewe ulisema umesamehe. Mimi sijasamehe, wala sijaribu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa sikiliza. Haji, mtoto wa jirani yetu, anakuja likizo na atakuletea chupa ndogo. Manukato hayo yametokana na mafuta yetu. Usijipake hata tone. Shangazi anamwoza mjukuu wake. Siku ya singo mpe chupa hiyo mbele ya watu, kwa adabu zako zote, umwambie ni zawadi ya Maryam kutoka Ulaya. Namjua, hawezi kungoja. Atajipaka shingoni, atajipaka viganjani, atawanusisha wote waliomo. Mwache ajisifu mpaka achoke.

Nisalimie dada yangu na wanawe, mwalimu wangu wa chuoni, na yule fundi cherehani aliyenishonea nguo ya safari. Shangazi usimsalimie, zawadi inatosha.

Akishamaliza kujisifu atakuuliza ni maua gani haya. Mjibu taratibu, wote wasikie: "Si maua, wifi. Ni maganda ya machungwa na ule ukungu uliomwaga."

Halafu usiongeze neno, Mama. Nyoosha mikono tu, akupe bakuli la singo.

Mwanao asiyesahau,
Maryam