Katambuga Mlangoni

Mjukuu wangu Kabula,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Bibi yako anatembea tena, na mpunga tumeshavuna. Mengine tuyaache.

Unauliza ufanye nini wanafunzi wako wa karate wasikuache. Mimi darasa langu la karate hapa Ngokolo liliniishia hivi hivi naliona, miaka ile vijana walipokimbilia Geita kuchimba dhahabu. Niliwajua waliokuja kwa katambuga, vile viatu vya tairi, walizovua mlangoni. Kila wiki zilipungua. Kwa hasira nikaweka sheria: aliyeondoka akirudi, anaanza upya na mkanda mweupe, nyuma ya watoto.

Masanja, mwanafunzi wangu bora, akarudi kutoka machimboni, viganja vimepasuka, amejifunga mkanda wake wa kijani.

"Shikamoo mwalimu. Nimerudi."

"Vua mkanda," nikamwambia mbele ya wote.

Akauvua, akaukunja taratibu, akanikabidhi. Kisha akavaa katambuga zake akaenda. Wiki iliyofuata hata wenzake hawakuja.

Mjinga mimi, nilimwadhibu aliyerudi.

Dawa sina, mjukuu wangu. Niliendelea kufungua ukumbi na kuhesabu mapigo kwa sauti, na mlangoni katambuga zilikuwa zangu tu.

Mkanda ninao bado, umekunjwa vilevile alivyoukunja.

Babu yako,
Ngokolo